Miaka Arobaini Bungeni: Mama Anne Makinda na Kazi ya Mbunge

Kila baada ya miaka mitano tunapanga mstari kwenda kupiga kura. Mkulima wa Ukata anaacha kahawa yake shambani. Mvuvi wa Mbamba Bay anaacha mtumbwi wake ufukoni. Akina mama wanafunga watoto mgongoni, nao wanakwenda. Tunachagua Rais, tunachagua mbunge, tunachagua diwani. Matokeo yanatangazwa, vigelegele vinapigwa, ngoma inalia.

Halafu je? Mbunge anapanda gari, anakwenda Dodoma. Redioni tunasikia, "Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Spika." Wengi wetu tunaishia hapo. Anafanya kazi gani huko hatujui vizuri. Basi baada ya miaka mitano akirudi kuomba kura tena, tunampimaje? Wengine tunampima kwa fulana na kofia alizogawa. Wengine kwa wimbo mzuri wa kampeni. Hivyo sivyo vipimo.

Leo tutaieleza kazi ya mbunge kwa kufuata maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kwa miaka 40. Mtu huyo ni Mama Anne Semamba Makinda. Aliingia bungeni mwaka 1975, akatoka mwaka 2015. Alianza akiwa kijana, akamaliza akiwa Spika. Tena si mgeni kwetu. Kwao ni Njombe, jirani zetu wa kaskazini, na katika miaka ya 1990 aliwahi kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Ruvuma.

MSICHANA WA NJOMBE

Anne Makinda alizaliwa mwaka 1949. Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika, nayo ilitawaliwa na Waingereza. Njombe ilikuwa nchi ya mahindi, baridi na milima. Shule zilikuwa chache. Kwa watoto wa kike zilikuwa chache zaidi, maana wazazi wengi waliona kumsomesha msichana ni hasara. Walisema ataolewa, na elimu itakwenda kwa watu wengine.

Msichana huyu alisoma. Alisoma sekondari ya wasichana Masasi, kisha Kilakala, Morogoro. Baadaye alikwenda Mzumbe, kwenye chuo cha uongozi, akajifunza uhasibu. Uhasibu ni kazi ya kuandika na kukagua hesabu za fedha: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimekwenda wapi.

Kumbuka elimu hiyo, ndugu msomaji. Mbele tutaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mbunge ni kusoma hesabu za Serikali. Mtu asiyejua kuuliza "fedha zimekwenda wapi" atapata shida bungeni, hata kama ana maneno matamu.

BUNGE LA MWAKA 1975

Mwaka 1975 ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa. Kampeni ya kufuta ujinga ilikuwa imepamba moto, na watu wazima walikaa chini ya miembe na ndani ya madarasa wakijifunza kusoma na kuandika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ulifanyika uchaguzi mkuu.

Wazee wanakumbuka uchaguzi wa siku zile. Tanzania Bara kulikuwa na chama kimoja tu, TANU. Kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa chama hicho hicho. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alipewa alama ya nyumba. Asiyejua kusoma aliangalia picha, akachagua.

Siyo wabunge wote waliopita katika majimbo. Wengine waliingia kwa njia ya makundi ya wananchi, kama vijana, wanawake, wafanyakazi na washirika. Anne Makinda aliingia kwa njia ya vijana. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hebu fikiri. Msichana wa miaka 26 anaingia katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ambako Bunge lilikutana siku zile. Ndani kuna wazee waliopigania uhuru. Spika ni Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, mjukuu wa yule Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Wanawake ni wachache sana. Kijana wa namna hiyo angeweza kukaa kimya miaka mitano, akaenda zake. Yeye alikaa akajifunza.

Wamatengo wanajua kwamba ngoro hazichimbwi kwa siku moja. Kwanza unafyeka majani, unayalaza kwa mistari, unafukia, unaacha yaoze, ndipo unapanda. Kazi ya Bunge nayo iko hivyo. Ina kanuni zake, ina lugha yake, ina makaratasi mengi. Mtu mpya anahitaji muda ili aielewe.

NANI ANAWEZA KUWA MBUNGE?

Hapa tusimame kidogo. Watu wengi wanadhani ubunge ni wa wenye digrii na wenye magari. Katiba yetu haisemi hivyo. Ibara ya 67 inataka mtu awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 21, na awe anajua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza. Tena awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Yako na masharti mengine, kama kutokuwa na hukumu ya makosa ya namna fulani. Lakini kuhusu elimu, Katiba inataka kusoma na kuandika tu.

Umesikia, ndugu uliyehitimu kisomo? Sharti la elimu unalo tayari. Hatusemi kila mtu akagombee. Tunasema Katiba imekuhesabu wewe katika watu wanaoweza kutunga sheria za nchi. Kama unaweza kukaa kwenye kiti kile, basi unaweza pia kumwuliza aliyekikalia.

Wabunge wako wa aina kadhaa. Tutoe mfano wa Bunge lililoanza mwaka 2010. Lilikuwa na nafasi 357, nazo ziligawanyika hivi:

Wabunge wa majimbo walikuwa 239.
Wabunge wanawake wa viti maalumu walikuwa 102.
Nafasi za kuteuliwa na Rais zilikuwa 10.
Wabunge kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar walikuwa 5.
Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni 1.

WAZIRI, KISHA MKUU WA MKOA WETU

Katika miaka ya 1980 Mama Makinda aliteuliwa kuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, akawa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto.

Tuelewe jambo moja hapa. Katika nchi yetu waziri huchaguliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na kofia mbili. Kama waziri, yuko Serikalini na anatumia fedha. Kama mbunge, yuko katika chombo kinachoikagua Serikali. Wengine wanaona mpango huo ni mzuri, maana waziri hawezi kukimbia maswali. Yuko mle mle ukumbini, lazima asimame ajibu. Wengine wanaona si mzuri, maana mbunge anayetamani uwaziri anaweza kuogopa kusema kweli. Jadilini katika kikundi chenu.

Kisha akaja kwetu. Katika miaka ya 1990 Mama Makinda alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma. Mkuu wa Mkoa ni mwakilishi wa Serikali Kuu katika mkoa. Hachaguliwi kwa kura, anateuliwa na Rais. Siku zile Wilaya ya Nyasa ilikuwa bado haijazaliwa. Mbinga ilianzia milimani kwenye kahawa ikashuka mpaka ziwani kwenye usipa. Barabara zilikuwa za udongo. Wakati wa masika gari lilikwama, na gunia la kahawa lilikaa njiani siku kadhaa.

Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu upande wa pili wa sheria. Bungeni mtu anasema "Ndiyo", na sheria inapita. Mkoani anaona kama sheria ile imemfikia mtu wa Lituhi au wa Ukata, au imeishia njiani kama lile gari la masika.

VYAMA VINGI VINAINGIA

Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mabadiliko hayo ulifanyika mwaka 1995. Wabunge wengi wa zamani walianguka au walistaafu. Mama Makinda aliendelea. Sasa hakuwa mbunge wa kundi la vijana. Alikuwa mbunge wa jimbo, Njombe Kusini, kwa chama cha CCM.

Tofauti yake ni kubwa. Mbunge wa jimbo anatakiwa kurudi kwa wananchi kila miaka mitano na kuomba upya. Rais wa Tanzania ana kikomo: vipindi viwili vya miaka mitano, basi. Mbunge wa jimbo hana kikomo katika Katiba. Kikomo chake ni kura yako. Ukimrudisha anarudi, ukimkataa anakwenda nyumbani kulima.

Ni kama mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika. Ghala si lake, mizani si yake, na kahawa si yake. Amekabidhiwa tu. Siku ya mkutano mkuu anasimama, anasoma hesabu, wanachama wanauliza. Akijibu vizuri anaendelea. Akibabaika anatafutwa mwingine.

KAZI TATU ZA MBUNGE

Sasa tueleze kazi yenyewe. Iko ya aina tatu.

Kazi ya kwanza ni kutunga sheria. Sheria kabla haijapitishwa huitwa muswada. Muswada husomwa bungeni mara tatu. Mara ya kwanza linasomwa jina lake tu, halafu unapelekwa kwenye kamati. Kamati ni kikundi kidogo cha wabunge. Hapo ndipo wananchi na vyama vyao wanaweza kutoa maoni. Mara ya pili waziri anaueleza muswada, wabunge wanajadili, halafu wanaupitia kifungu kwa kifungu. Mara ya tatu wanaupitisha au wanaukataa. Spika huuliza, na wabunge hujibu kwa sauti "Ndiyo" au "Siyo". Ukipita, Rais anatia sahihi. Ndipo unakuwa sheria.

Kazi ya pili ni kuangalia fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa Aprili mpaka Juni wabunge wanakaa Dodoma wakijadili bajeti. Bajeti ni mpango wa mapato na matumizi. Kila wizara inasema inataka fedha ngapi, na za nini. Bila Bunge kukubali, Serikali haiwezi kutumia. Jambo hili ni zito sana. Bunge likikataa bajeti, Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge, na watu wote warudi kwenye uchaguzi.

Chukua mfano wa barabara zetu. Lami ya kutoka Peramiho mpaka Mbinga ilijengwa kwa msaada wa fedha za Marekani, chini ya mkataba wa mwaka 2008. Lami ya kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kiasi cha kilometa 66, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Msaada na mkopo ni vitu viwili tofauti. Mkopo unalipwa, na wanaolipa ni sisi, kwa kodi ya sukari, ya sabuni na ya mafuta. Kwa hiyo mbunge anaposema "nimewaletea barabara", mwulize: imetoka fungu gani? Wewe uliisemea lini? Fedha za mbunge mwenyewe haziwezi kujenga barabara. Fedha ni zetu. Kazi yake ni kuzidai, kuzipitisha na kuzifuatilia.

Fedha zikishatumika, anakuja mkaguzi. Anaitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka anampa Rais taarifa yake, kisha taarifa hiyo inapelekwa bungeni. Kule iko Kamati ya Hesabu za Serikali, na iko nyingine inayoangalia hesabu za halmashauri, pamoja na halmashauri zetu za huku. Kamati hizo ndizo zinazouliza, "Zahanati hii imeandikwa imekwisha. Mbona haina paa?"

Kazi ya tatu ni kuwasemea wananchi. Asubuhi, Bunge linapokaa, kuna kipindi cha maswali na majibu. Mbunge anamwuliza waziri juu ya maji, dawa, pembejeo au bei ya mazao. Waziri lazima ajibu. Kila neno linaandikwa katika kitabu kinachoitwa Hansard, yaani kumbukumbu za majadiliano ya Bunge. Hansard haidanganyi. Inaonyesha nani alisema nini, na nani hakusema lolote.

KITI CHA SPIKA

Mwaka 2005 Mama Makinda alichaguliwa kuwa Naibu Spika. Spika alikuwa Samuel Sitta. Miaka mitano baadaye, chama chake cha CCM kilipitisha majina matatu ya kugombea uspika, na yote matatu yalikuwa ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Wabunge wa CCM walimchagua Makinda.

Tarehe 12 Novemba 2010 Bunge zima lilipiga kura. Mama Makinda alipata kura 265. Mpinzani wake wa CHADEMA, Mabere Marando, alipata kura 53. Basi msichana wa mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Mwanamke wa pili alikuwa Tulia Ackson, aliyechaguliwa mwaka 2022.

Spika ni nani? Spika ni mwenyekiti wa Bunge. Anatoa nafasi ya kusema, anatuliza fujo, anaamua kama hoja inafuata kanuni au haifuati. Anapoingia ukumbini, mbele yake hubebwa siwa. Siwa ni rungu la heshima linaloonyesha mamlaka ya Bunge. Wabunge wote wanasimama. Kila anayesema anamwelekea Spika. Hata mbunge akimkasirikia mwenzake haruhusiwi kumgeukia na kumtukana. Anasema, "Mheshimiwa Spika," kisha analeta hoja yake.

Kazi hiyo ni kama ya mzee wa baraza anayesikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Mmoja wa wagomvi ni ndugu yake. Akimpendelea, kijiji kitaona. Spika naye ametoka katika chama, lakini akikaa kwenye kiti anatakiwa kuwa wa wote.

SIKU NGUMU

Hatusemi kwamba kila mtu alimsifu. Bunge la 2010 mpaka 2015 lilikuwa na joto. Wapinzani walikuwa wameongezeka, na vijana walikuwa wengi. Mara kadhaa wapinzani walitoka nje ya ukumbi. Walimlaumu Spika kwamba anaegemea chama chake. Wengine walimtetea, wakisema bila mkono mgumu Bunge lingekuwa soko la samaki. Tutaje mambo mawili, msomaji apime mwenyewe.

La kwanza ni habari ya akaunti ya Tegeta Escrow ya mwaka 2014. Zilikuwa fedha nyingi, mabilioni ya shilingi. Ziliwekwa Benki Kuu kwa sababu ya mzozo wa malipo ya umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL. Baadaye fedha zilitolewa, na watu wakauliza zimekwenda kwa nani. Mkaguzi Mkuu alikagua. Kamati ya Hesabu za Serikali ikasoma taarifa yake bungeni mwezi wa Novemba, Spika Makinda akiwa kwenye kiti. Wabunge wa vyama vyote walijadili, wakapitisha maazimio. Mwezi wa Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na Waziri wa Ardhi akaondolewa na Rais. Hapo wananchi waliona kwamba Bunge likisimama, wakubwa wanatikisika.

La pili ni la Julai 2015, siku za mwisho za Bunge lile. Serikali ilileta miswada ya mafuta na gesi kwa hati ya dharura. Hati ya dharura maana yake hatua zinafupishwa, muswada unapita upesi. Wapinzani walikataa. Walisema mali kubwa kama gesi haiwezi kutungiwa sheria mbio mbio, wananchi wapewe muda wa kusoma na kutoa maoni. Serikali ilisema sheria zinahitajika bila kuchelewa. Ukumbi ulichafuka. Spika aliwatoa nje wabunge kadhaa wa upinzani, na miswada ikapita.

Nani alikuwa na haki? Wenye akili wanatofautiana mpaka leo. Lakini tuone somo lililomo. Sheria ile inahusu gesi ya watoto wetu na wajukuu wetu. Kama muswada unapita upesi, mwananchi wa kijijini hapati nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo kanuni za Bunge, ambazo tunadhani ni mambo ya wakubwa, zinagusa sufuria yetu.

JE, KUKAA MUDA MREFU NI KUZURI?

Mwaka 2015 Mama Makinda hakugombea tena. Alikuwa na miaka 66. Aliacha ubunge na uspika kwa hiari yake. Hakuacha kazi za nchi. Mwaka 2022 alikuwa Kamisaa wa Sensa ya Watu na Makazi. Sensa ilianza tarehe 23 Agosti 2022, na Watanzania tulihesabiwa tukawa 61,741,120. Labda wewe pia ulijibu maswali ya karani wa sensa mlangoni kwako.

Katika dunia wako waliokaa bungeni zaidi ya yeye. Marekani kulikuwa na mtu aitwaye John Dingell, wa jimbo la Michigan. Aliingia katika Bunge la nchi yake mwaka 1955 akatoka mwaka 2015. Ni karibu miaka 60!

Wengine watasema, miaka mingi hivyo ni kung'ang'ania. Wanasema vijana wanakosa nafasi, na mtu akikaa sana anasahau njia ya kijijini. Hoja hiyo ina uzito. Wengine watasema, mtu mzoefu anajua milango yote, haonewi na mawaziri, tena anawafundisha wapya. Hoja hiyo nayo ina uzito.

Sisi tunaona hivi. Miaka peke yake haisemi kitu. Mti wa kahawa unaweza kuwa na miaka 40 ukazaa vizuri, kama unakatiwa matawi na kuwekewa mbolea. Mwingine una miaka 40 nao ni kuni tu. Mwenye shamba ndiye anayepita na kuangalia. Asipopita, hawezi kujua upi ni upi. Katika ubunge, mwenye shamba ni mpiga kura.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, zamani wazee wetu walichagua kwa kuangalia jembe na nyumba. Wewe unasoma. Basi tumia kusoma kwako. Yako mambo manne unayoweza kufanya bila kusafiri mpaka Dodoma.

Kwanza, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Hesabu za kijiji zisomwe mbele yenu. Anayezoea kuuliza hesabu za kijiji ataweza kuuliza hesabu za nchi.

Pili, ulizeni habari za Mfuko wa Jimbo. Ni fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ulizeni: mwaka huu zimekuja ngapi? Zimejenga nini? Kijiji gani?

Tatu, mbunge anapokuja, msimwulize ametoa kiasi gani kwenye harusi au msiba. Huo ni wema wake, nao ni mzuri, lakini siyo kazi tuliyomtuma. Mwulizeni: umeuliza swali gani juu yetu bungeni? Waziri alijibu nini? Lile alilojibu limefanyika? Muswada gani umeukubali, na kwa nini?

Nne, andikeni. Mtu mmoja katika kikundi awe na daftari. Aandike ahadi za mbunge, tarehe na mahali aliposema. Baada ya miaka mitano lifungueni daftari hilo mbele yake. Msimtukane wala msimzomee. Someni tu, taratibu, ahadi moja moja. Daftari la shilingi chache lina nguvu kuliko kelele.

Mama Makinda alikaa bungeni miaka 40. Alianza katika chama kimoja, akamaliza katika vyama vingi. Aliaminiwa, alilaumiwa, alijifunza, alistaafu. Lakini katika kila kipindi cha ujimbo ilibidi watu wa Njombe Kusini waamke asubuhi, wapange mstari, waamue. Kiti kile wanakopeshwa watu, nao hukirudisha. Aliyekopesha asipoandika deni lake, atadaiwa na nani?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja kazi tatu za mbunge. Ipi mnaona mbunge wenu anaifanya zaidi?
2. Kuna tofauti gani kati ya msaada na mkopo? Nani analipa mkopo?
3. Katiba inataka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika. Je, sharti hilo linatosha? Kwa nini?
4. Ni vizuri mbunge awe na kikomo cha vipindi kama Rais? Kila upande utoe sababu zake.
5. Nani katika kikundi chenu atashika daftari la ahadi?

MANENO YA KUKUMBUKA

Muswada: sheria kabla haijapitishwa.
Bajeti: mpango wa mapato na matumizi ya mwaka.
Hansard: kumbukumbu za maneno yote yanayosemwa bungeni.
Siwa: rungu la heshima la Bunge.
Hati ya dharura: ruhusa ya kupitisha muswada kwa haraka.